Viboko vya Akoth

Harufu ya nafaka iliyoungua hunitisha mpaka leo. Juzi jirani yangu hapa Kisumu alisahau mtama kwenye kikaango, moshi ukapenya dirishani kwangu, na mimi, mama wa watoto wakubwa, nikajikuta nimeshika ukingo wa meza kama mtoto anayengoja kuitwa. Ngoja niwaambie ni kwa nini.

Nilikuwa na miaka kumi, katika ile miaka ya themanini, tukiishi Nyakach, si mbali na soko la Pap Onditi. Nyumbani tulikuwa Baba, Mama, Dani, yaani nyanya yangu mzaa baba, na sisi wasichana wawili. Mwenzangu alikuwa Akoth, binti wa shangazi yangu marehemu. Alinizidi miaka mitatu, na tangu mama yake azikwe tulilala kitanda kimoja. Baba alikuwa mwalimu huko Awasi, na shule zikifungwa alirudi nyumbani na ualimu wake wote.

Krismasi ilikuwa imebakiza wiki mbili. Alasiri moja wakubwa walikuwa shambani, Akoth kisimani. Mimi nikaiba hindi bichi jikoni, nikachukua makaa kwenye kigae, nikajificha nyuma ya ghala la mtama ili nichome nile peke yangu. Upepo wa ziwa huwa unaamka saa hizo. Cheche moja iliruka, ikashika nyasi za paa. Nililipuliza kwa mdomo, mjinga mimi, likazidi kuwaka. Nikakimbia hadi kwenye mafunjo, nikachutama humo miguu ikiwa kwenye matope.

Kutoka pale nilimwona Akoth akija mbio na ndoo, akimwaga maji yake yote kwenye moto. Watu walipofika walimkuta yeye, masizi usoni, na kigae cha makaa karibu na miguu yake. Chakula chetu cha miezi mingi kilikuwa kinavuma kama mzinga wa nyuki.

"Ni wewe?" Baba alimuuliza.

 Akoth alitazama upande wa mafunjo, kisha akatazama chini. Baba alimchapa mbele ya Dani na Mama, na mimi nilihesabu viboko vyote kutoka mafichoni. Halafu akasema kwamba Krismasi ikipita atamrudisha kwa watu wa baba yake, watu ambao hawakuwahi hata kuja kumsalimia.

Siku zilizofuata niliishi na hofu kama mtu anayeishi na homa. Mama akiita jina langu, naangusha nilichoshika. Kitandani Akoth alilala kwa ubavu kwa sababu ya mgongo, hakunisemesha, na ukimya wake ulinitisha kuliko fimbo. Niliogopa atasema. Niliogopa pia hatasema, aondoke, nibaki na kile kitanda peke yangu.

Asubuhi ya Krismasi tulikwenda kanisani. Nilikuwa nimevaa gauni jipya la waridi, Akoth lile lake la zamani. Pasta alisema Mungu hakungoja watu wawe wazuri ndipo alete mtoto wake. "Neema ni kupewa usichostahili," alisema. Wengine walifurahi. Mimi nilisikia tu neno la mwisho, jasho likanitoka, gauni likanigandia mgongoni.

Tulipofika nyumbani sikuweza kuingia ndani. Nilisimama mbele ya Baba uani, nikasema, "Ghala nilichoma mimi." Sauti ilitoka ndogo mpaka nikalazimika kurudia.

Baba akaenda kuchukua fimbo. Nilijikojolea, gauni jipya likalowa. Ndipo Akoth akatoka jikoni, mikono ina unga, akasimama kati yetu.

"Mjomba," alisema, "viboko ya hiyo makosa mimi nilishapata. Imekwisha."

"Toka hapo, Akoth."

"Imekwisha, Mjomba."

Mkono wa Baba ulianza kutetemeka. Nilidhani ni hasira. Alimtazama Akoth, akaitazama ile fimbo, akaiweka chini polepole kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Nisamehe, nyathina," yaani mtoto wangu, alimwambia, kisha akaingia ndani na hakutoka mpaka Dani alipomfuata na chakula. Habari ya kumrudisha Akoth haikutajwa tena. Mtama tulipewa na majirani, debe kwa debe, mpaka mavuno.

Miaka mingi baadaye, Akoth akiuza vitambaa soko la Kibuye, nilimuuliza mbona hakunitaja siku ya moto.

"Nani angeniamini?" alisema.

"Na Krismasi? Ulikuwa umenisamehe?"

Alicheka kidogo huku akikunja kitambaa. "Sikukusamehe. Hata hiyo asubuhi nilikuwa nakuchukia kabisa. Lakini fimbo nilijua vile inauma."

Nilikuwa nimedhani neema hutoka kwenye moyo uliokwisha kutulia. Kumbe alikuja kusimama mbele yangu na chuki yake yote, mgongo haujapona. Na mkono wa Baba niliuelewa nilipokuwa mzazi: siku ile uani, alipojua amemchapa yatima asiye na kosa, yeye aliogopa kuliko mimi.