Gia Alizoziacha Djamali

Jua la asubuhi limefika ukingoni mwa baraza, na Mama Djamali ameshaketi juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, gurudumu la nyuma la baiskeli ya umeme limelala mapajani mwake. Betri ameichomoa na kuiweka ndani ya nyumba, mbali na beseni la mafuta ya taa. Anashika spana, anafungua nati, anaiweka juu ya kitambaa cheupe. Inayofuata anaiweka kando yake, kwa mpangilio uleule zilivyotoka.

Kuku wawili wanasogea. Anawapungia ncha ya kitenge. "Tokeni! Ile haiko mahindi."

Kisha anaingiza vidole katika kitovu cha gurudumu na kuvuta polepole. Linatoka furushi la gia ndogondogo zilizoshikana, nyeusi kwa grisi iliyozeeka. Analiinua kwenye mwanga.

"Ona, yote inajificha humu ndani, inje hauoni kitu," anasema. "Mafundi wanaita *moye*, kwa Kifaransa. Miye nilisikia *moyo*. Mutoto alinicheka mupaka akakaa chini. Basi, siye tukabaki na moyo."

Mtoto anayemtaja ni Djamali, mwanawe wa kwanza. Amekufa.

Mama Djamali, jina lake Subira binti Ramazani, ana umri wa miaka hamsini na sita, mjane, mzaliwa wa mji huu wa Kasongo, mashariki mwa Kongo. Miaka mingi alijulikana sokoni kwa mafuta ya mawese. Siku hizi anajulikana kwa kazi nyingine: ndiye pekee mjini anayefungua gia za baiskeli ya umeme ya kituo kimoja cha afya upande wa Wamaza, katika teritwari, yaani wilaya, ya Kabambare. Yeye mwenyewe hajawahi kuendesha baiskeli hata siku moja.

Baiskeli hizo zilikuja nne, zikiletwa na mradi uliotaka chanjo zifike vijijini mapema. Mradi ulipokwisha, wenyewe waliondoka na hawakuacha fundi. Moja ilikufa betri, nyingine mota, ya tatu ikanyofolewa vipuri hadi ikabaki fremu tupu. Ya nne iliendelea kutembea kwa sababu Djamali, fundi wa baiskeli za kawaida sokoni, alijipa moyo wa kuifungua.

Aliifungulia hapahapa barazani, kwa kuwa sokoni vumbi lilikuwa jingi. Vidole vyake vilikuwa vinene, hivyo vipande vidogo alimpa mama yake avioshe. Siku moja kuku alimeza gololi. Wakamchinja, wakaipata gololi, wakamla kuku, na kicheko cha siku hiyo majirani wanakikumbuka hadi leo.

"Alikuwa anazungumuza na ile vyuma," Subira anasema. "Wewe kaa hapa, wewe ngojea mwenzako. Nami nilikuwa naosha na kusikiliza tu. Sikujua kama nilikuwa nasoma."

Katika mvua za mwaka juzi, baiskeli ilikwama Wamaza. Djamali akaitwa, akapanda pikipiki na mfuko wake wa spana. Kazi aliimaliza siku hiyohiyo. Kesho yake tumbo likaanza kumuuma.

Anayesimulia yaliyofuata ni Ruphin, muuguzi wa kituo hicho. Leo yupo hapa barazani, ameketi juu ya kigoda, anasubiri baiskeli yake.

"Niligusa tumbo, nikaona imekuwa nguvu kama ubao," anasema. "Ile ilitaka kupasua, na kwetu hakuna anayepasua. Pikipiki yoyote haikuwa inapita, matope ilikuwa nyingi. Tukamulaza juu ya velo, ile baiskeli, tukamufunga na godoro, tukaanza kusukuma kwenda hospitali. Kwa mlima mota ilikuwa inatusaidia."

Walifika mtoni wakakuta daraja la magogo limechukuliwa na maji. Wakangoja, maji yakazidi. Wakageuza.

"Velo ilitembea muzuri sana," Ruphin anasema, akitazama mikono yake. "Ile ndiyo inaniumiza. Aliitengeneza muzuri."

Djamali alifariki kituoni alfajiri ya siku iliyofuata. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Waislamu wachache wa pale walimwosha, wakamsalia, wakamzika kabla ya jua kuzama.

Subira alikuwa akichuja mawese, jirani alipomletea simu. "Waliniambia amekufa, wakaniambia amekwisha kuzikwa. Maneno mbili kwa pumuzi moja. Sikupata hata nafasi ya kuuliza yuko wapi."

Baada ya matanga, majirani walianza kumwita Mama Aicha, kwa jina la binti yake aliyebaki. Walifanya hivyo kwa huruma, wasimkumbushe. Alivumilia wiki chache, kisha akasimama kisimani mbele ya wanawake wenzake.

"Niliwaambia, kama mutoto amezikwa, jina yake musiizike. Miye niko Mama Djamali mupaka siku yangu."

Maji yalipopungua, Ruphin alimletea mfuko wa spana. Subira aliupokea kwa mikono miwili, akautundika msumarini ukutani. Baiskeli hakutaka kuiona. "Nilimwambia, mwanangu, karibu kila siku, lakini ile chuma usiilete tena kwangu."

Ruphin alimtii. Lakini kiangazi kilipokwisha, gia zilianza kusaga, na mwishowe pedali ikakwama kabisa. Akarudi kutembea kwa miguu, sanduku la chanjo mgongoni.

"Siku moja nilifika kijiji cha mwisho, barafu yote imeyeyuka, dawa imepata joto," anasema. "Wamama walikuwa wamekuja na watoto tangu asubuhi. Nikawaambia warudi. Hawakunitukana. Walibeba watoto, wakaenda. Afadhali wangenitukana."

Aliisukuma baiskeli hadi Kasongo, akazunguka kwa mafundi. Mmoja alisema kitovu kitupwe, lakini gurudumu la kuingia pale halikupatikana. Mwingine akashauri gia zichomelewe zishikane, angalau itembee. Ruphin, amechoka, akaenda kumsalimu Subira kabla ya kukubali. Baiskeli aliiegemeza kwenye ukuta wa jirani, asije akavunja katazo.

Subira aliiona akiwa mlangoni. Akauliza inapelekwa wapi. Akasikia neno kuchomelea.

"Nilijisemea, watachoma mahali mikono ya mutoto yangu ilipita? Nikamwambia Ruphin, ingiza hapa."

Alishusha mfuko msumarini. Harufu ya mwanawe ilikuwa bado ndani yake, jasho na grisi, na ilibidi aketi kwanza. Halafu akafungua. Mikono ilimwongoza: nati hii kwanza, kisha ile, waya wa gia ufunguliwe kabla gurudumu halijatoka, vipande vioshwe kwa mafuta ya taa na kuanikwa kitambaani. Alipaka grisi kila mahali, kwa wingi, akafunga.

Ruphin alikanyaga pedali. Ilizunguka bure, gurudumu limetulia.

"Nililia mbele yake," Subira anakiri. "Kumbe sikulia hivyo hata siku ya simu."

Ruphin alimwambia, "Mama, acha. Si kosa yako."

Kesho yake asubuhi Aicha, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa akitia mafuta kwenye mashine yake, tone moja moja. Subira alikuwa akimtazama tu, na ghafla akasikia sauti ya kaka mtu, jinsi alivyokuwa akiazima chupa ileile na kugombana na dada yake: *Mama, hivi vijino vinavyoinama usivipake grisi. Vitalala. Vipe mafuta ya cherehani kidogo tu.*

Ndani ya kitovu kile mna vijino vyenye springi nyembamba kama unywele. Kazi yake ni kuinuka na kushika gurudumu mtu anapokanyaga. Grisi nzito ilikuwa imevigandisha vikalala. Subira alifungua upya, akaosha, akatia mafuta ya Aicha, grisi akaiacha kwenye gololi na gia peke yake. Akalirudisha furushi ndani akilizungusha taratibu, akakaza nati hadi gurudumu likaacha kucheza, bila kulibana.

Alipolizungusha nyuma lilitoa sauti: *tik, tik, tik.*

Ruphin alipanda, akaenda hadi mwisho wa barabara ya mtaa, akarudi anacheka. Majirani wakapiga makofi. Subira aliingia ndani, akafunga mlango.

"Nilifurahi," anasema. "Halafu nikakumbuka mutu wa kumwambia hayuko."

Tangu hapo watu wamekuwa wakimletea magurudumu mengine, ya baiskeli za kawaida, na katika wiki nzuri hupata faranga elfu ishirini hivi, ambazo huchanganya na za mawese. Aicha hakupenda mwanzoni. "Watu walisema mama anafanya kazi ya wanaume," binti huyo anaeleza kutoka kwenye cherehani yake. "Nilikuwa naona haya. Sasa haya iliisha. Siku asiposhika ile vyuma, hali chakula."

Lakini vyuma vyenyewe vinachakaa. Gia ya tatu imekufa, Ruphin huiruka. Subira anatwaa kijino kimoja, anaonyesha ncha yake, imeliwa na kuwa mviringo. Kingine cha kukibadilisha hakipo Kasongo, na Kindu, makao ya mkoa, walishauliza bure.

"Itatembea mupaka kiangazi, labda na kingine," anasema. "Sitamudanganya Ruphin. Nimemwambia."

Kiangazi hicho ndicho anachokingoja. Njia ikikauka, anataka Ruphin amchukue nyuma ya baiskeli hadi Wamaza. Kaburi ataliona, ataomba dua. Ila kuna jambo jingine linalomkosesha usingizi zaidi, ambalo Ruphin alimwambia mwaka huu tu, baada ya kuogopa kulisema muda wote huo.

Usiku wa mwisho, Ruphin mwenyewe alikuwa amerudi mtoni kutafuta mtumbwi. Aliyebaki na Djamali ni Jeannette, mama mzee anayefagia kituo, Mkristo, asiyejua kijana huyo ni mtoto wa nani. Alikaa naye, akamlowesha midomo, akamshika mkono hadi ulipopoa.

Subira anakaza nati ya mwisho, anajifuta viganja kwa kitambaa.

"Yule mama sina cha kumulipa," anasema. "Nitamuletea mawese, na kitenge Aicha ameshona. Sitamuuliza mambo mengi. Nataka tu anipe ule mukono, niushike kidogo."