Pumzi Iliyoshindana na Adhana

Nakumbuka alasiri moja hapa Bagamoyo, mwanangu, nilipodhani klarineti yangu imenifungulia mlango wa dunia. Kiongozi wa okestra kubwa ya taarabu ya Dar alikuja kwenye mazoezi yetu kutafuta mpulizaji. Nami kijana, nimejipaka uturi kama bwana harusi.

Nikapewa nafasi ya kupuliza peke yangu. Nilikuwa nimepanda juu kabisa, sauti naizungusha nitakavyo, mara adhana ikasikika. Sisi huku, adhana ikianza, ala hunyamaza, hata kama bibi harusi yupo mlangoni. Fidla zikashushwa, ngoma ikazimwa kwa kiganja. Mimi nikaendelea. Nilijiambia, nikikata hapa mgeni hatausikia mwisho, na mwisho ndio utamu.

"Huyo kaona adhana ni kiitikio!" mpiga fidla akanong'ona, wenzake wakacheka chini kwa chini.

Mwalimu wangu, Mzee Kombo, hakucheka. Aliniwekea mkono begani mpaka nikanyamaza.

Tulipotoka kuswali nikamwendea mbio. "Mwalimu, nianze upya?"

"Hapana, baba. Leo utasikiliza wenzako."

"Mgeni si ataondoka!"

"Aende salama. Hiyo pumzi unayoringia, umeinunua duka gani?"

Mgeni akaondoka bila mimi. Nililia, sikufichi. Mzee Kombo akanikabidhi watoto niwafundishe kupuliza, nami nikaona ni adhabu. Kumbe kumwelekeza mtoto avute pumzi taratibu kulinifundisha kupumua mwenyewe. Msimu mwingine mgeni yule aliporudi, alinikuta nawaambia wanafunzi, "Msikilizeni kwanza mwenzenu." Akanichukua siku hiyohiyo.

Nilikaa kiti cha mpulizaji wa kwanza miaka mingi, alhamdulillahi. Leo kiti kile wanakikalia wengine, na ndivyo inavyopasa. Lakini wale niliowafundisha, wengine sasa wana mvi, ndio wanaonibishia hodi kila Idi.

Mwanangu, pumzi ni amana, na kipaji ni amana ndani ya amana; kisikuzibe masikio. Mola wako akikuita, weka chini ulichoshika, hata kiwe kitamu namna gani. Subira huvuta heri, na riziki uliyoandikiwa haipiti mlango wa jirani.

Mwenyezi Mungu akupe pumzi ndefu, akujaalie na sikio la kujua pa kunyamaza. Amin.