Wenye Ngoma Walipozuiwa Getini

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa brashi ya manyoya laini na kuambiwa nisiguse kitu kwa mkono mtupu. Nilikuwa binti wa fundi cherehani wa Mkuyuni, na Capri Point, mtaa wa matajiri, nilikuwa napita tu barabarani nikishangaa bustani za watu. Makumbusho yetu yalikuwa nyumba tatu zilizopakana mlimani, zikitazama ziwa: ya uvuvi, ya pamba na ya ngoma. Mhifadhi Mkuu, yaani msimamizi wa vitu vyote vilivyotunzwa pale, alikuwa mzee wa Ukerewe, mpole lakini asiyecheka ovyo.

"Vumbi unalifuta kuelekea kwako, binti," aliniambia. "Ukilisukuma, linaingia kwenye ngozi."

Baadaye nikapandishwa kuwa mtembezaji, yule anayewaongoza wageni chumba kwa chumba na kuwaeleza wanachokiona. Wengi walilala kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa nyuma ya bustani. Wakishakunywa chai wanatembea kwa miguu toka nyumba hii hadi ile, nami nawaonyesha mgono wa kunasia samaki na jinsi pamba ilivyokuwa ikifungwa marobota. Nilipenda kazi ile, sitasema uongo.

Ngoma kubwa kuliko zote ilikuwa ya ukoo mmoja wa Magu. Hawakuitoa, waliileta itunzwe. Kila mwaka baada ya mavuno walikuja na samli, wakaipaka ngozi kwa viganja vyao, na usiku wakalala chumba cha mwisho cha nyumba ya wageni, kwa sababu mtu aliyesafiri kumtazama ndugu yake hafukuzwi giza likiingia. Ndivyo Mhifadhi Mkuu alivyokubaliana nao mbele yetu wote. Mwenye jukumu hilo alikuwa Mama Kabula, mwanamke mrefu asiyepaza sauti. Akifika nampigia magoti, "Shikamoo mama," naye ananijibu, "Marahaba mwanangu. Huyu wetu hajambo?" Huyo wao ndiyo ngoma.

Miaka mingi ikapita, nami nikakaribia kustaafu; Mhifadhi Mkuu alipofariki tukaletewa Meneja, kijana aliyetoka kwenye mahoteli. Chumba cha mwisho kikageuzwa suiti ya wageni wenye pesa, taulo zikakunjwa mfano wa bata. Ngoma ikajengewa sanduku la kioo lenye kufuli. Mavuno yalipokwisha, mlinzi akanijia kuniambia kuna bibi ameketi nje ya geti tangu asubuhi, ana kopo, na yeye amekatazwa kumfungulia. Nilitoka mbio. Mama Kabula alikuwa juani kwenye ukingo wa mtaro, katika mtaa ambao hata mbwa wana banda la kivuli!

Nikamwendea Meneja ofisini.

"Mama, vitu vya maonyesho haviguswi," alisema. "Ndiyo taratibu za kitaalamu."

"Ile ngoma ni yake, bosi."

"Ana hati?"

Hati! Watu waliobeba ngoma yao mabegani, tukawapokea kwa vigelegele, leo waulizwe hati. Nilimwita mpishi wetu, aliyekuwepo siku ile ilipoletwa, naye akaeleza kama nilivyoeleza. Meneja alitusikiliza huku akichezea simu.

Jioni akanifuata akitabasamu. Wageni wa suiti walikuwa wamesikia habari na wangependa kuona. "Basi aingie. Tutamfungulia kioo wakishakusanyika bustanini. Ila asivae hilo gauni, avae ngozi na shanga."

Nilimfikishia Mama Kabula maneno hayo neno kwa neno, maana sikuona haki ya kumficha.

"Mimi nivae ngozi?" akauliza. "Hili gauni naendea kanisani. Kamwambie nimekuja kwa ngoma yetu, sikuja kuchezewa shere."

Nilimchukua akalala kwangu Mkuyuni. Asubuhi alirudi Magu na samli yake haijapunguzwa.

Nilistaafu muda si mrefu baadaye. Kwenye hafla ya kuniaga nilipewa saa ya ukutani yenye picha ya ile ile ngoma, na watu wakapiga makofi. Sijaitundika wala sitaitundika. Ninyi vijana mnaosomea kazi hii mtafundishwa unyevu, mwanga na wadudu waharibifu, na ni vizuri mjifunze. Lakini mkimfungia nje mwenye kitu, hamkihifadhi. Mmekipora, hata mkikifuta vumbi kila siku.

Mwaka huu Mama Kabula alikuja tena, akafikia kwangu. Tukaingia pale kama wageni wengine, tukasimama nyuma ya kundi. Mtembezaji mpya, msichana mwenye sauti nzuri, akaonyesha sanduku la kioo: "Hii ni ngoma ya kale ya Wasukuma. Wenyewe hawajulikani."

Mama Kabula akanyoosha mkono kama mwanafunzi darasani. "Sisi hapa," akasema.

Kundi zima likageuka. Badala ya kumsalimia, wakainua simu wampige picha. Nilivua khanga niliyojitanda, nikasimama mbele yao na kuitandaza kwa mikono miwili.

"Endelea mama," nikamwambia. "Mimi nipo."

Nyuma yangu nikasikia kifuniko cha kopo kikifunguliwa, kisha kiganja chake kikipaka samli juu ya kioo, polepole, upande wote ule ambako ngozi ya ngoma ilikuwa ndani.