Shaba ya Katikati

Mwanangu, ndani ya kopo langu la tumbaku kuna kipande cha shaba chembamba kama ganda la kitunguu. Sokoni hakina thamani, lakini tangu ujana wangu sijathubutu kukitupa, kwa sababu kina wenyewe, na wenyewe hawajarudi.

Siku niliyokabidhiwa naikumbuka vizuri. Ilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, bidhaa za nje zikiingia Sumbawanga kutoka upande wa Zambia, nami nikiuza sokoni visu vipya vya kukunja, mipini ya plastiki ya kila rangi. Jirani yangu alikuwa Mzee Kapele, mhunzi wa Kasense, aliyetandika gunia na kutengeneza visu vya zamani. Nilimtania kwamba anatibu maiti. Akajibu kwamba vyangu vinakufa vikiwa vichanga.

Wakaja ndugu wawili Wasukuma, Masanja na mdogo wake Maduhu, wafugaji waliohamia kwetu na baba yao. Baba alikuwa amefariki, akawaachia kundi moja la ng'ombe na kisu kimoja cha kukunja chenye mabapa mawili: refu la kukatia kamba za ngozi, fupi la kuhasi ndama. Kisu kilikuwa hakifungi tena sawasawa. Mabapa yalisuguana, kila moja likila makali ya mwenzake. Masanja alizoea refu, Maduhu fupi, na kila mmoja alimlaumu mwenziwe kwa kuharibu urithi. Sasa walitaka visu viwili vipya, kila mtu chake. Kesho yake, wakasema, wangegawana hata ng'ombe.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mimi jembe langu lilikuwa biashara. Visu viwili vilikuwa tayari mkononi.

Mzee Kapele akaomba kukiona kile cha zamani. Wakamwamkia, wakampa. Akakifunga polepole, akakiinua kwenye mwanga, akachungulia kati ya mabapa kwa muda mrefu hata nikadhani amesinzia.

"Lililokosea ni hilo fupi, siyo babu?" Masanja akauliza.

"Hakuna lililokosea. Kilichokwisha ni cha katikati."

Akang'oa pini, akatuonyesha. Kati ya mabapa palikuwa na kipande cha shaba kilicholika hadi kubaki ukingo tu. Hicho ndicho kilichoyatenga miaka yote, wala hakuna aliyejua kwamba kipo.

Maduhu akamtazama kaka yake. "Baba alikuwa hivyo," akasema.

Kutoka kwenye kofuli bovu Mzee Kapele alikata vipande viwili vya shaba, akavisugua kwenye jiwe. Kisha akalilaza bapa refu juu ya chuma, akaligonga kidogo shingoni, karibu na mpini, lipinde upande mmoja. Fupi nalo akaligonga kuelekea upande wa pili. Nikamuuliza kwa nini asipinde moja tu, kazi iishe.

"Ukipinda moja sana, litavunjika," akasema. "Yakipinda yote kidogo, hakuna litakaloumia."

Akarudisha pini pamoja na kipande kimoja cha shaba mpya. Aligonga, akafungua, akagonga tena, mpaka kila bapa likafunguka kwa ukucha bila kutikisika. Mwanga ukapita katikati, mwembamba kama uzi. Sijaona tena mkono mzito namna ile ukigonga kwa wepesi namna ile.

Kipande cha pili alinipa mimi niwatunzie. Alisema cha kwanza nacho kitalika, na siku hiyo huenda yeye asiwepo.

Ndugu wale waliondoka na kisu kimoja. Ng'ombe hawakugawanywa, nilisikia waliwaswaga pamoja kuteremka Bonde la Rukwa.

Mwanangu, vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Ukisikia msuguano nyumbani, usikimbilie kuuliza nani mbaya. Tazama kwanza kitu gani cha katikati kimelika: pengine salamu, pengine mlo wa pamoja, pengine mzee ambaye neno lake moja liliwatuliza wote. Kata kingine, ukiweke. Kisha pinda kidogo, naye mwenzako apinde kidogo. Mungu akujalie mkono mwepesi, na ndugu wa kukaa naye katika mpini mmoja.

Mzee Kapele tulimzika Kasense. Kila mfugaji akipita hapa kwangu Chanji, mimi humuuliza habari za Masanja na Maduhu. Wengine husema wangali bondeni, wengine husema walishahama. Kama shaba ya kwanza imekwisha kulika, sijui. Ya pili ipo.