Tangazo la Majani Mawili na Chipukizi

Laiti ningekataa kutia sauti yangu kwenye lile tangazo. Naona haya hata kusimulia, maana siku hiyo niliaibika mbele ya kanisa zima, lakini kosa ni langu na sitamsingizia mtu tena.

Binti yangu Kwamboka aliimba fanki, muziki wa dansi, na wenzake wawili, Kemunto na Akinyi (huyu Akinyi kwao ni kule ziwani), na kundi lao waliliita Majani Mawili na Chipukizi, vile tunavyochuma chai. Mimi ndiye niliyewafundisha, nikiwapigia gita la besi nyuma ya nyumba, kwa siri, kwa sababu mimi ni mzee wa kanisa na nilikuwa nimeikataza kwaya hata kuyumbayumba. Basi wakapata nafasi ya kuimba kule sokoni Nyakoe Jumapili moja, na mwenye studio kutoka Nairobi alikuwa anakuja kuwasikiliza, wakimpendeza awarekodi. Dereva wa gari la matangazo akaniambia, "Mzee, sauti yako ni nzito, ukiita watu watakuja." Nikajiona mtu. Nikarekodi, nikamwonya tu asipite kwetu Kebirigo Jumamosi, siku yetu ya Sabato.

Sabato ikafika, nami nimesimama mbele nikiomba ombi refu (nilipenda sana maombi marefu), macho nimefumba, mara nasikia sauti yangu mwenyewe kutoka barabarani: "Kesho Nyakoe! Njooni mtikise kiuno mpaka viatu viombe msamaha!" Dereva alikuwa ameona watu wengi pamoja, akaegesha langoni kabisa.

Pasta akaninong'oneza, "Mzee Onchiri, huyo si wewe?"

"Yaya, si mimi, Pasta. Watu hufanana sauti."

Spika ikanijibu: "Ni mimi, Mzee Onchiri wa Kebirigo, mwalimu wao!"

Kanisa likaangua kicheko. Mama Kemunto akasema kwa sauti, "Omogaka, mzee wetu, kumbe mnafanana mpaka jina?"

Hapo ningecheka nao, yangeisha. Lakini niliogopa kuvuliwa uzee wa kanisa, nikasema wasichana ndio walionidanganya, kwamba waliniambia tangazo ni la nyimbo za injili.

Kicheko kikakatika. Kwamboka akasimama kwenye benchi la kwaya. "Baba, sema ukweli. Nani alitufundisha?"

Nikatazama Biblia yangu kana kwamba jibu limo humo.

Mama Kemunto akamkataza bintiye kwenda Nyakoe. Kwamboka hakukatazwa na mtu. Alikunja tu gauni lake la jukwaani akalirudisha sandukuni. Jumapili Akinyi alifika peke yake, na yule wa Nairobi akangoja, akatazama saa, akaondoka.

Nimeapa sitamtwika mtu mwingine aibu yangu, ingawa kiapo chenyewe kimechelewa. Uzee wa kanisa bado ninao. Kundi lilivunjika. Kwamboka huimba akiwa peke yake kwenye shamba la chai, nami nikikohoa tu ananyamaza. Tangu Sabato ile hajaimba mbele yangu.