Kuzunguka Nkombo

Mtembezi hula miguu yake, na mimi ya kwangu niliila kwa siku saba kwenye kisiwa cha Nkombo, nyuma ya baiskeli ya mume wangu. Alikuwa ameniahidi matembezi tangu tulipofunga ndoa. Tungezunguka ziwa zima, alisema, na kulala popote tutakapochoka. Halafu vita ya Kongo ikafunga mpaka, barabara ya ziwani nayo haikuaminika tena. Ikabaki Nkombo, upande wetu wa mpaka, ambako mtu anafika kwa mtumbwi asubuhi hiyohiyo akitoka kwetu Kamembe.

Baiskeli ilibeba mkeka, sufuria, mkaa na shitingi, lile turubai jeupe lililobaki katika kila nyumba baada ya kambi za wakimbizi kufungwa. Kupandwa haikupandika. Kila kilima tuliisukuma, yeye usukani, mimi nyuma. Ziwa lilikuwa zuri, sikatai, lakini uzuri haukandi mgongo.

Mapema sana nilijua kwamba matembezi yalikuwa kisingizio. Mama yake alibaki Bukavu, ng'ambo ya Kongo, akiuza maandazi gatini, na tangu vita ianze hatukupata neno lake. Wavuvi wa Nkombo hukutana na wenzao wa Kongo majini, ambako hakuna anayeweza kuweka kizuizi, na wengi walimjua yule mama kwa maandazi yake. Kwa hiyo kila tulipokuta mitumbwi, mume wangu alisimama na kuuliza.

Mahali pa kwanza wazee wawili walitazamana.

"Tulisikia iko mugonjwa kidogo, Papa," mmoja akasema. "Mukaribie, mukule."

Wakatupa ugali na sambaza, wale dagaa wa ziwani. Mahali pa pili ugonjwa ulikuwa uleule, na sambaza wengi zaidi. Mume wangu akafurahi. Mgonjwa ni mtu aliye hai, aliniambia, akaanza kupanga dawa za kumpelekea. Mimi nilikuwa nimechoka mno, nikashukuru tu kwamba sipiki.

Asubuhi ya tatu alikwenda kuziba pancha. Mke wa mvuvi aliyetupa kiwanja cha kulala akaja kunisaidia kuwasha mkaa. Akanishika mkono.

"Maman, mama mukwe alishazikwa, inafika wiki mbili. Lakini Papa akule kwanza. Muntu hapokee kilio na njaa."

Sikushangaa, na hilo ndilo lililoniuma. Nimekulia Kamembe. Najua kwamba kwetu marehemu huendelea kuugua hata akiwa kaburini, kwa sababu msafiri haambiwi msiba mpaka ale, afike nyumbani, akae chini. Samaki wote wale tuliopikiwa bila kuomba walikuwa wameshasema. Uchovu ulinifanya mjinga, au labda niliutaka ujinga huo. Nilimpenda yule mama. Alikuwa akinigombeza kwa jinsi ninavyokanda unga, na hakuna mtu mwingine aliyejali kiasi cha kunigombeza.

Mume wangu aliporudi nilimwekea sahani. Nikamwambia, kwa sauti niliyodhani ni ya kila siku, ale kwanza.

Akanawa mikono. Akaitazama ile sahani bila kuigusa.

"Tangu juzi bananikulisha," akasema. "Sasa hata wewe."

Nikafungua mdomo. Akainua mkono uliokuwa bado unatiririka maji.

"Ngoja. Tukifika nyumba, utaniambia. Sasa tuko mu safari."

Nkombo ni kisiwa kidogo, na mtumbwi wa kurudi Kamembe ulikuwa umbali wa saa moja tu upande wa kulia. Yeye akageuza baiskeli kushoto. Miguu yangu ilikuwa imevimba, na tangu siku ya kwanza nilikuwa nikitamani kitanda changu. Nilikunja shitingi, nikaifunga nyuma, nikaanza kusukuma. Tulikaa kisiwani siku nne zaidi.