Njugu na Mkebe wa Sita

Ukitaka kuonana na hasira ya Ayuma, mshonaji wa Amalemba, gusa mikebe yake. Mwenyewe unaweza kumtania mchana kutwa na atacheka. Lakini ile mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia, iliyopangwa juu ya kabati lake, kila mmoja umebandikwa kitambaa cha rangi yake, hiyo muachie. Wa buluu ni kodi ya nyumba. Wa kijani ni chakula. Mwekundu ni wa Natasha, binti yake aliye chuoni Eldoret. Wa manjano ni stima, maji na gesi. Mweupe ni kanisa, chama cha akina mama na matanga, maana huku Kakamega hakuna anayepanga mwezi wake bila kupanga matanga.

Sheria ni moja: mkebe haukopi mkebe. Sukari ikiisha kabla ya mwezi kuisha, watu wa nyumba hiyo watakunywa chai ya chumvi, lakini mkebe wa stima hautaguswa. Ayuma alianza kuishi hivyo alipofiwa na mumewe, Bramwel, miaka minne iliyopita, na mpaka leo hajawahi kumkwepa mwenye nyumba. Kazi ya cherehani ina miezi yake minono, Januari ya sare za shule na Desemba ya kwaya, na ina miezi mingine ambayo fundi anashinda akipaka mashine mafuta tu.

Natasha alishamwambia, "Mum, siku hizi pesa inawekwanga kwa simu."

"Pesa ya simu haionekani," Ayuma akamjibu. "Na pesa yenye haionekani inatorokanga."

Sasa mwanamke wa namna hiyo, hebu niambie, ana haja gani na mbwa?

Hakuwa na haja naye, aliletewa. Tracy, muuguzi kijana aliyekuwa amepanga chumba cha pili katika ploti hiyohiyo ya nyumba za kupanga, alihamishwa kikazi, na huko alikokuwa akienda mwenye nyumba hakutaka wanyama. Akaja mlangoni kwa Ayuma na kikapu mkononi, macho yamemjaa machozi. Ndani ya kikapu kulikuwa na kijibwa cha rangi ya njugu iliyokaangwa ikaiva, masikio makubwa, miguu mifupi, na kimevalishwa sweta.

"Auntie, nisaidie tu," Tracy alisema. "Huyu hasumbuangi. Na halangi sana, ni mdogo."

Ni mdogo! Jamani, neno hilo limeponza wengi. Ayuma alimwangalia yule mbwa, mbwa akamwangalia, na mshonaji akapiga hesabu upesi kama anavyopima kiuno cha mteja kwa macho: mbwa mdogo, tumbo dogo, gharama ndogo. Akaleta mkebe wa sita, akaubandika kitambaa cha rangi ya chungwa, akatia shilingi mia nane za mwezi mzima. Alijiona mkarimu kweli. Jina alimpa palepale: Njugu.

Tracy alikuwa ameacha mfuko wa chakula cha mbwa, vidonge vikavu vyenye harufu ya samaki. Ulipoisha, Ayuma akaenda supamaketi kununua mwingine. Aliisoma bei. Akavaa miwani, akaisoma tena. Kwa pesa hiyo yeye angekula unga na mboga wiki mbili, na wageni juu.

"Hii ni ya mbwa ama ya waziri?" aliuliza.

Msichana wa duka akacheka. Ayuma hakucheka. Aliondoka mikono mitupu, akashuka moja kwa moja sokoni kwa Ishaq.

Ishaq ni mtu wa Mumias, na ndiye anayechinja kuku wanaoenda hotelini. Vichwa na miguu hotelini havitakiwi, kwa hiyo huviuza kwa bei ya kutupa. "Mbwa wako simtaki karibu na meza yangu, mama," alisema, "lakini chakula chake nitakuwekea, inshallah." Tangu siku hiyo Njugu alikula kama watu wa nyumbani: obusuma, ugali wetu, bila chumvi, vichwa vya kuku, na dagaa wa omena siku ya Jumatano. Akanenepa, akang'aa, na Ayuma akatembea ploti nzima akijisifu kwamba amewashinda wenye supamaketi.

Kumbe kula ndiyo ilikuwa sehemu rahisi. Hakuna aliyemwambia kwamba mbwa ana minyoo, na kwamba minyoo hiyo inataka dawa kila baada ya miezi michache. Hakuna aliyemwambia kuhusu viroboto, mpaka alipojikuna yeye mwenyewe kanisani katikati ya maombi. Kisha ikaja chanjo ya kichaa cha mbwa. Daktari wa mifugo alimwambia ni mara moja tu kwa mwaka, akalisema hilo kama habari njema. Lakini mara moja kwa mwaka ilimkuta mwezi ambao hakuna mtu anashona hata kifungo. Na kana kwamba hayo hayatoshi, Njugu akatafuna mkono wa gauni la kwaya, gauni la mteja, la zambarau, kitambaa ambacho hakipatikani mjini hadi kiagizwe. Ayuma akalipa kitambaa, akashona upya.

Mkebe wa sita ukakauka. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu mikebe ianze, Ayuma alinyoosha mkono juu ya kabati akakopa kwenye mkebe wa manjano. Mwezi wa pili akakopa kwenye wa kijani. Mwezi wa tatu akajikuta ameshika mkebe mwekundu, wa Natasha, na kifuniko tayari kiko mkononi.

Aliurudisha kama uliomchoma. Akaketi kitandani. Njugu akaja akaweka kidevu juu ya kandambili yake, na hicho ndicho kilichomuumiza.

Ngoja niseme wazi, maana yeye mwenyewe hasemi: alikuwa akimpenda yule mbwa. Alimpenda kupita kiasi. Miaka minne alikuwa akifungua mlango na kuingia kwenye ukimya. Sasa akifika getini anasikia makucha yakikwaruza sakafu huko ndani na kijisauti kinalia kwa furaha, na anajikuta anajibu, "Nimekuja, nimekuja, kwani nilikuwa nimeenda wapi?" Akishona, Njugu analala karibu na miguu yake, na mashine ikinyamaza anainua sikio moja kuuliza kuna nini. Ayuma alikuwa amezoea kuulizwa.

Lakini sheria ni sheria, na karo ya mtoto haiwezi kwenda kwa viroboto. Akampigia simu Philip.

Philip ni kaka mkubwa wa marehemu Bramwel, mkulima wa mahindi huko Lumakanda, mtu mnene, mpenda heshima, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Siku nyingi alikuwa akilalamika kwamba stoo yake ya mahindi imevamiwa na panya na vijana wenye mikono mirefu.

"Mulamwa, leta huyo mbwa!" alinguruma, akimwita kama shemeji anavyoitwa huku kwetu. "Hata akiwa mdogo, si atabweka? Nitamfunga hapo kwa mlango wa stoo. Jumamosi nakuja mwenyewe."

"Utamfunga?"

"Sasa nitamwacha aende wapi? Mbwa wa stoo anafungwanga."

Jumamosi ikafika. Ayuma aliamka akamwogesha Njugu, akamvalisha sweta yake, na akakataa kumtazama usoni. Kisha akachinja kuku. Shemeji mkubwa akija kwako humwekei sukuma wiki. Unamchinjia ingokho, jogoo kamili, na kwenye sahani yake lazima iwepo firigisi, ile imondo. Imondo hailiwi na kila mtu. Ni ya mwanamume mwenye nyumba, na mgeni wa heshima akija, ni yake. Mwanamke anaipika, anaiosha, anaipeleka mezani, lakini haitii kinywani. Ayuma alilelewa hivyo, na ingawa Natasha hucheka na kusema mjini watu wanainunua kwa kilo, hata Natasha haili mbele ya mama yake.

Philip aliingia na mnyororo mpya umeviringishwa kwenye mfuko wa karatasi. Akanawa, akaomba kwa kirefu, akafunua bakuli. Harufu ikajaa nyumba. Akachukua paja, akaliweka kando. Akachukua kidari. Akaanza kuchimba mchuzi kwa kijiko, polepole, kama mtu aliyeangusha pete kisimani.

"Mulamwa," alisema hatimaye.

"Ee, mulamwa."

"Huyu kuku alikuwa mgonjwa?"

"Hapana! Alikuwa mzima."

"Basi alizaliwa bila imondo?"

Ayuma akalivuta bakuli, akachungulia. Mungu wangu! Alijiona tena jikoni asubuhi ile: ameitoa imondo, ameipasua, ameiosha, ameichemsha kando kidogo, na mkono wenyewe, bila kumuuliza mtu, umeinama na kuitia kwenye kisahani cha Njugu. Na Njugu ameimeza bila hata kushukuru.

Philip aliweka kijiko chini. Akasukuma kiti nyuma. Huku kwetu mwanamume akinyimwa imondo na mke wa ndugu yake, hajapunjwa nyama. Ameambiwa kwamba si mtu wa pale, na wengine hubeba jambo hilo mpaka kwenye kikao cha ukoo.

"Kama ulikuwa hutaki nije," alisema, na sauti yake kubwa ilikuwa imepungua, "si ungeniambia tu kwa simu."

"Si hivyo, mulamwa. Nihurumie." Ayuma alikuwa amesimama, anakunja kitambaa cha mikono na kukikunjua. "Imondo ameikula Njugu."

"Nani?"

Akaonyesha chini ya meza. Philip akainama, tumbo likimpinga, na macho yake yakakutana na masikio makubwa na sweta.

"Umempa mbwa imondo yangu?"

"Sikukusudia. Mkono ulizoea."

"Ulizoea! Kwani ameanza lini?"

Hapo ndipo Ayuma alipolia, na alipoanza kusema hakuweza kunyamaza tena. Alisema Bramwel alipoondoka, kila alipochinja kuku imondo ilibaki chunguni mpaka inakauka, kwa sababu hakukuwa na wa kumpa. Alikuwa anaitupa, na siku ya kuitupa hakuwa anakula vizuri. Halafu huyu akaja. Jumapili moja akamwekea, akaila, na tangu siku hiyo ni yake. "Nikimpa ile kitu," alisema, "nyumba inakuwanga sawa. Sijui nikuambie aje."

Philip alibaki ameinama chini ya meza, muda mrefu mno kwa mtu wa mwili wake. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu, labda kwa kuinama.

"Na kwa nini unamtoa?"

Akamweleza habari ya mikebe. Wa sita ulivyokopa kwa wa manjano, ukakopa kwa wa kijani, mpaka karo ya Natasha ikataka kuguswa. Philip alisikiliza akiitazama mikebe ile kule juu, mmoja baada ya mwingine.

"Bramwel angekuwepo, ungemwekea mkebe wake?" aliuliza.

"Wa nini? Alikuwa anakula kwa chakula cha nyumba."

"Na akiugua?"

"Si tulikuwa tunatoa kwa pesa ya nyumba, mulamwa. Unauliza kama hujui watu wanavyoishi."

"Najua sana. Ndiyo nakuuliza wewe." Philip akavuta kiti, akakaa tena. "Mwenye kuwekewa mkebe wake pembeni ni mpangaji. Mwezi ukimshinda, anahama. Huyu umempa imondo ya ndugu yangu, halafu unamdai kodi. Na mimi nimfunge kwa mlango wa stoo? Bramwel atanicheka huko alipo. Lete ugali, mulamwa, chakula kinapoa."

Alikula paja, akala kidari, akala shingo, akalamba mchuzi. Chini ya meza palisikika mfupa ukivunjika, na hakuna aliyeuliza ulitoka kwa nani.

Alipoondoka, mnyororo ulikuwa bado uko kwenye mfuko wa karatasi. Getini akageuka. "Lakini nikija tena, hiyo kitu mnaikata katikati. Nusu yake, nusu yangu. Mimi si mtu wa kunyimwa kwangu mara mbili!" Mpangaji wa chumba cha mwisho alichungulia dirishani kuona nani anagombana.

Ayuma alirudi ndani, akapanda kigoda, akaishusha mikebe yote. Hela hazikuwa zimeongezeka, tusidanganyane. Alihamisha tu. Chakula cha Njugu akakitia ndani ya ule wa kijani, na nyama ya Ayuma mwenyewe ya katikati ya wiki ikawa omena, aipende asiipende. Dawa na chanjo akazipeleka kwenye wa manjano, kidogokidogo kila mwezi, ili ile mara moja kwa mwaka isimvizie tena. Na gauni za kwaya akazitundika juu, kwenye msumari, ambako hakuna mwenye miguu mifupi anayefika.

Mwekundu wa Natasha aliurudisha mahali pake bila kuufungua. Kisha akaubandua ule wa sita kitambaa chake, akausuuza vizuri, akaujaza maji, akauweka chini karibu na cherehani.

Njugu akanusa, akanywa.

"Kunywa, mwenye nyumba," Ayuma alisema, akakanyaga pedali.